Siku Kaka Alipoinua Mkono

Niliwaacha mahali pabaya, mnisamehe. Mkwe wangu alikuwa mlangoni na sanduku lake la nguo, mjukuu wangu kashikilia sketi ya mama yake, nami nimesimama nyuma ya meza yangu ya pasi, sijui nimzuie kwa neno gani. Ndipo gari la kaka yangu likasimama nje.

Kwa aliyetukuta njiani nitasema kwa ufupi, maana kulirudia kunanitonesha. Mwanangu wa pekee alikuwa koplo, fundi wa magari kambini. Walimleta kwenye jeneza lililopigwa misumari, wakakataza lisifunguliwe. Bwana mmoja aliyevaa kiraia alikaa kwenye benchi la wateja wangu akatueleza: ajali ya gari, kijana alikuwa likizo, mji wa mpakani, amelewa. Kisha akashusha sauti kama anayetutendea wema, akaongeza, "Na pembeni yake kulikuwa na mwanamke. Naye amefariki."

Mwanangu pombe ilikuwa ikimtapisha. Nilisema hivyo kwa kila aliyekuja kutupa pole. Lakini nani humsikiliza mama? Hata mama wa mwizi husema mwanawe hakuiba.

Mkwe wangu hakulia. Aliigeuza picha ya harusi ikatazama ukuta. Pete akaivua, akaidumbukiza kwenye kopo langu la vifungo, pamoja na vifungo vilivyong'oka kwenye mashati ya watu. Tangu siku hiyo tuliishi nyumba moja kama abiria wawili kwenye benchi la stesheni, kila mmoja na tiketi yake.

Mimi ni dobi. Chumba cha mbele ndiyo kazi yangu: meza, pasi mbili, kamba, na nguo za watu. Mwanangu alikulia chini ya meza hiyo. Alipokuwa mchanga alikuwa akinyoosha vidole kuukamata mvuke wa pasi, na unapomponyoka anacheka. Nikamwita Mvuke. Jina hilo halimo kwenye cheti chochote. Alipopata ndevu akaanza kulionea haya, nikabaki nalo mimi, na mkewe aliyekuwa akimchokoza nalo.

Sasa niendelee.

Kaka yangu ni mbunge. Mtaani wanamwita Mwongozo, kwa kuwa miaka yake ya kwanza haukupita mjadala bila yeye kusimama: "Mheshimiwa Spika, mwongozo!" Hata misibani watu humtania, "Mheshimiwa, chakula kimechelewa, hebu omba mwongozo." Nguo zake nazifua mimi tangu alipokuwa karani.

Aliingia akiwa na haraka, hakumwona mkwe aliyekuwa nyuma ya mlango.

"Dada, ile suti ya kijivu iko tayari? Alhamisi tuna siku ngumu."

"Ngumu ya nini?"

"Aa, wapinzani na maswali yao. Redio za nje zinasema askari wetu wameonekana ng'ambo ya mpaka. Waziri atajibu."

"Atajibu nini?"

"Kwamba hawapo."

Akageuka, akaliona sanduku.

"Mkwe, safari?"

"Narudi kwa wazazi wangu, Mjomba."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mama."

"Haraka ya nini? Marehemu asingependa hivyo."

"Marehemu alikuwa na mtu wa kumpendezesha, Mjomba. Wamekufa pamoja."

Kaka akakaa benchini. Akaitazama ile picha iliyogeuzwa, mgongo wake wa mbao na kimsumari chake. Akanyoosha mkono aigeuze.

"Iache," mkwe akasema.

Mkono ukabaki hewani. Akasema kwa sauti ndogo mno, nikadhani ni pasi inapumua:

"Hakukuwa na mwanamke."

"Umesemaje?" nikamuuliza.

"Nipe suti yangu, dada. Niende."

Suti nilikuwa nimeitandaza mezani. Nikainua pasi iliyokuwa moto zaidi, nikaishika juu ya mgongo wa koti lake.

"Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma saa. Sijawahi kukuinulia sauti. Lakini ukitoka humu bila kurudia ulichosema, nakufungulia dirisha hapa mgongoni. Hiyo Alhamisi yako ngumu, utapata upepo."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alifunga mlango. Akatoa simu yake, akaangaza macho huku na huku, akaliona tenga la nguo chafu, akaizamisha chini ya mashuka.

"Na zenu pia," akasema.

"Za nini?"

"Ndivyo tunavyofanya kule. Simu zote kapuni, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo."

Tukampa. Mjukuu wangu naye akaleta simu yake ya plastiki, akaitia. Hakuna aliyecheka.

"Kamati ya ulinzi tuliitwa," kaka akaanza, "kwenye chumba kisicho na madirisha. Haandiki mtu. Waziri akatueleza kwamba vijana wetu wachache wataingia ng'ambo bila sare, bila vitambulisho, wamsaidie rafiki yetu wa kule ashike nchi. Kazi fupi, alisema. Mwenyekiti akasema: asiye na pingamizi akae kimya."

"Ukapinga," mkwe akasema.

"Nilikaa kimya."

"Wewe?" nikamwambia. "Wewe Mwongozo?"

"Tulikaa kimya wote, dada. Ukitazama jirani yako yuko kimya, unajiambia huenda anajua zaidi yako. Naye anakutazama wewe, anajiambia vivyo hivyo. Likapita."

"Na baadaye? Hamkurudi kuuliza?"

"Nani aulize? Aliye nje ya siri anaweza kupiga kelele. Sisi walikwisha kutuingiza ndani, na mlango ni kiapo. Nimekuja kuelewa nikiwa nimechelewa. Hawakutuambia ili tuwasimamie. Walituambia ili tusiweze kuwauliza. Leo nikifungua mdomo, Waziri atasema: kamati iliridhia, na mheshimiwa alikuwemo. Na ni kweli, nilikuwemo."

Mjukuu wangu alikuwa amekaa juu ya sanduku, anapiga visigino. Du, du, du.

"Mwanangu alifia wapi?" nikauliza.

"Ng'ambo. Barabarani. Bomu lilitegwa."

"Saa ngapi? Asubuhi? Alikuwa na nani? Alisema chochote?"

"Sijui, dada. Haki sijui. Nilipouliza niliambiwa hayo yanatosha."

Mkwe wangu akasogea, akasimama mbele yake kabisa.

"Mjomba. Mwanamke nani alimtunga?"

"Wana watu wa kazi hiyo."

"Kwa nini? Ajali si ingetosha? Pombe si ingetosha?"

Kaka akainamisha kichwa.

"Niliwauliza hivyo hivyo. Mmoja akanijibu huku anakoroga chai yake. Alisema, 'Mheshimiwa, mjane wa shujaa huuliza maswali. Mjane mwenye aibu hukaa ndani.'"

Mkwe wangu akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Akashuka na ukuta polepole mpaka sakafuni, miguu kainyoosha kama mtoto. Miezi yote hiyo alikuwa hapiti sokoni. Alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba za watu ili asionekane. Alikuwa amekaa ndani, kama walivyotaka.

Mimi nilidhani hapo ndipo kwenye kina. Kumbe nilikuwa bado ukingoni.

Nikauliza swali ambalo mpaka leo natamani ningelimeza.

"Askari wako wengi, kaka. Wangu alikuwa fundi wa magari. Kutwa yuko chini ya lori, grisi hadi masikioni. Kwa nini yeye?"



Hapa lazima nieleze kitu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka. Alipofariki mwanetu alikuwa anaanza shule, na nikamwekea sharti: ndani ya nyumba hii tutaongea lugha ya baba yako. Mimi mwenyewe ilikuwa ikinipiga chenga, ananisahihisha, tunacheka. Akikataa, namnyima uji mpaka auombe kwa lugha hiyo. Nilikuwa nikimwambia, "Baba yako amekufa. Lugha yake isife."

"Kaka," nikasema, "kwa nini yeye?"

"Waziri alisema kuna tatizo dogo," kaka akajibu, akiitazama sakafu. "Kwamba hawana mtu wa kuwasemea vijana kule, mwenye kuongea lugha ya huko kama mwenyeji. Akauliza kama kati yetu kuna anayemjua yeyote. Siku nzima ile nilikuwa kimya, dada. Hapo ndipo nilipoinua mkono."



"Nikasema, 'Mpwa wangu anaiongea utadhani kazaliwa huko.' Nilisema kwa majivuno. Namsifu. Wakapiga meza. Mwenyekiti akasema hiyo ndiyo familia ya kizalendo. Na mimi nikatabasamu, dada. Nilitabasamu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo za watu zimepita mikononi mwangu maisha yangu yote, na za huyu kuliko za wote, wala sikukiona.

Nilitaka kumchukia. Nawaambia ukweli, nilijitahidi. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti lake, na mkono huo ndio uliokuwa ukimshika mwanangu kwapani alipojifunza kutembea, kutoka mguu huu wa meza hadi mguu ule. Utauchukia mkono, ukuache na nini?

Na lugha niliifundisha mimi. Yeye aliinua mkono, nami nilikuwa nimekwisha kumnyima uji. Hilo sikulisema kwa sauti. Naliandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuliweka.

"Mama," mkwe akasema. "Mama, pasi!"

Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Nilipoinua mkono, mgongoni mwa koti la kijivu kulikuwa na alama ya hudhurungi, ncha juu, umbo kamili la pasi. Katika miaka yote ya kazi sijawahi kuunguza nguo ya mteja.

"Nitakunyooshea ile nyeusi," nikasema. Ndivyo tulivyo. Dunia imeanguka, na mimi nafikiria suti.

Mkwe wangu akainuka sakafuni. Macho yalikuwa makavu bado.

"Mjomba, umetuambia sisi. Sisi tulikuwa tunalia tayari. Nenda ukaseme kule kule ulikokaa kimya."

"Mwanangu, kile ni kiapo. Nikikivunja ni jela."

"Na mimi nilipo unapaitaje?"



"Nabaki mpaka Alhamisi," mkwe akasema. "Ukisema, sanduku nalirudisha uvunguni, na mtoto huyu anaitwa kwa jina la baba yake. Usiposema, naondoka naye, na shuleni ataandikwa kwa jina la baba yangu. Sitamlea kwa jina ambalo hata mjomba mtu anaona haya kulitaja mchana."

Kaka akaikunjua mikono yake, akaikunja tena. Kisha akaenda mezani, akachukua suti.

"Nimesema nakupa nyeusi," nikamwambia.

"Nipe hii hii, dada."

Akatoka. Ilibidi arudi, maana simu alikuwa ameisahau chini ya mashuka.

Asubuhi ya Alhamisi nilisikia vifungo vikimwagika mezani. Sikugeuka. Nilipokuja kutazama kwa jicho la pembeni, mkwe wangu alikuwa anakifunga kitu kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Pete hakuivaa. Aliifunga tu fundo. Mtoto tukamwacha kwa jirani.

Sijui kama mmewahi kukaa kule juu, bungeni, mahali pa wageni. Kuna kioo kirefu mbele yenu. Wabunge mnawaona chini kama samaki, na sauti zao mnaletewa na spika za ukutani. Askari wa mlangoni anakwambia usinyooshe kidole, usisimame, usipige makofi. Hakukwambia cha kufanya na moyo wako.

Waziri alisimama. Sauti nzuri, tai nzuri, kola iliyonyooshwa na mtu anayeijua kazi. Akasema, "Mheshimiwa Spika, napenda kulihakikishia Bunge lako tukufu kwamba hakuna askari wetu hata mmoja aliyevuka mpaka. Hayo ni maneno ya wasiotutakia mema."

Meza zikapigwa. Nikahesabu moyoni walio kimya, nikaacha.

Kisha kaka yangu akasimama.

"Mheshimiwa Spika, mwongozo."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Neno hilo walikuwa hawajalisikia siku nyingi. "Karibu nyumbani, mzee!" mmoja akapaza sauti. Na alipogeuka kidogo kurekebisha kipaza sauti, walio nyuma yake wakauona mgongo.

"Mheshimiwa, kwako wanapiga pasi kwa kuni?"

"Muacheni, katoka kuzima moto jimboni!"

Kicheko kikaanza upya. Mkwe wangu alinishika mkono, akaubana. Kaka akangoja. Wakati wa ujana wake angewajibu wote, mmoja mmoja. Safari hii alingoja mpaka kikaisha chenyewe.

"Mheshimiwa Spika, suti hii ameiunguza dada yangu. Yuko pale juu. Anayo sababu."

Watu wakainua vichwa kututazama.

"Dada yangu alikuwa na mtoto mmoja. Koplo. Fundi wa magari. Tuliwaambia watu kwamba alikufa kwa ajali, amelewa, na mwanamke pembeni. Nasema tuliwaambia, kwa sababu na mimi nilikuwemo. Mheshimiwa Spika, kijana yule hakufa hivyo. Alifia—"

"Mheshimiwa," Spika akamkata, "nakukumbusha kiapo chako."

"Nakikumbuka, Mheshimiwa Spika. Ndicho kinachoninyima usingizi. Alifia—"

Sauti ikazimwa.

Ilikatika kama uzi. Spika za ukutani zikabaki zinavuma tupu. Kule chini mdomo wa kaka ulikuwa bado unakwenda, mishipa ya shingo imesimama. Anasema, na sisi hatusikii. Nikaona mbunge mmoja wa kike, aliyekaa safu ya mbele yake, akiziba mdomo kwa viganja viwili. Mwingine akavua miwani. Waziri alikuwa anapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimepangika.

Halafu kaka akafanya kosa ambalo mbunge halifanyi. Alimpa Spika mgongo, ule wenye alama, akageuka kututazama sisi. Akatuelekezea uso. Akasema jambo moja fupi, akamwangalia mkwe wangu. Akainua mkono wa kulia, juu kabisa, kama mwanafunzi. Akauacha hapo mpaka askari walipokuja kuushusha.

Walimtoa kwa adabu, wameshika viwiko. Alama ya pasi ikapotea mlangoni.

"Mama," mkwe akaninong'oneza, "amesema?"

"Amesema, mwanangu."

"Wamesikia?"

"Waliokuwa karibu wamesikia."

Hapo ndipo alipolia. Kilio cha miezi yote kilichokuwa kimekaa ndani naye. Alilia bila sauti kwa sababu ya askari wa mlangoni, mabega tu yanaruka, na midomo ikitaja jina la mume wake, lile la utoto, lile la kumchokoza. Akafungua fundo la kitambaa kwa meno. Pete ikaingia kidoleni kwa shida, vidole vilikuwa vimevimba kwa joto. Akaisukuma mpaka ikafika. Kisha akautia mkono huo ndani ya mkono wangu.

"Leo nitamlaza mtoto kwa habari za baba yake," akasema.

Nikadhani nimepata hata hicho kidogo. Mwana harudi, basi angalau jina limerudi. Nikafumba macho.

Mlango ukafunguka. Askari mwingine, siyo yule wa kwanza, aliingia akipekua nyuso za wageni.

"Nani hapa anaitwa Mama Mvuke?"

Nilihisi mkwe wangu anakauka. Jina lile lilibaki duniani midomoni mwa watu wawili tu, na wote wawili tulikuwa tumekaa pale.

"Ni mimi," nikasema.

Askari akainama, akajitahidi kunong'ona, lakini alikuwa mtu wa sauti nene.

"Kuna mgeni wako getini, mama. Mwanamke. Mkono wake umefungwa plasta, na maneno yake yana lafudhi ya ng'ambo. Amekataa kutaja jina. Ameniambia nikwambie hivi: yeye ndiye aliyekuwa pembeni ya Mvuke garini."

Kidole chenye pete kikalegea ndani ya mkono wangu.